Kipande cha Mti

Msomaji, kama ungefungua mgongo wa gitaa ninalotaka kukusimulia, ungeona ndani yake kitu ambacho mtengenezaji hakukiweka. Ungeona springi tano za chuma, ungeona skrubu mbili ndefu zilizozama katika ubao, na upande wa pili ungeona kipande cha mti wa mvule, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kimebanwa mahali pake bila ya gundi wala msumari. Kazi ya kipande hicho ni moja tu: kuzuia kitu kisisogee. Chombo kilichoundwa kwa akili nyingi ili kiende, kimetiwa kizuizi ili kisiende. Mwenye gitaa alitoa fedha kuupata uwezo fulani, kisha akatoa fedha tena ili uwezo ule uondoke. Je, alifanya la busara au alifanya la upuuzi? Nimelifikiri swali hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili gitaa moja, na leo nataka tulifikiri pamoja, kwa maana naliona limejificha katika mambo mengi ya maisha yetu yasiyo na nyuzi.

Kwanza yatupasa kukijua chombo chenyewe. Gitaa la umeme la namna hii halina tumbo tupu kama gitaa la kawaida. Mwili wake ni ubao mzito, na mtikisiko wa nyuzi hushikwa na sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, kisha hupelekwa katika kikuza sauti. Mwaka 1954 kampuni ya Leo Fender, katika mji wa Fullerton huko California, Marekani, ilitoa gitaa liitwalo Stratocaster. Jambo ambalo hunichekesha kila nilikumbukapo ni kwamba Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio, naye aliwasikiliza wapigaji, akayashika maneno yao na kuyageuza kuwa chuma na mbao. Katika gitaa hilo aliweka daraja la namna mpya, na mwaka 1956 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Daraja ni mahali nyuzi zinapokomea, upande wa mkono upigao. Katika magitaa mengi daraja hukazwa katika mwili wa gitaa, likatulia hapo daima. Daraja la Fender halikukazwa hivyo. Ni bamba la chuma lililoshikwa ukingo wake wa mbele na skrubu sita, nalo huweza kuinuka upande wa nyuma kama kifuniko cha sanduku chenye bawaba. Chini ya bamba hilo kuna kipande kizito cha chuma kinachopita katika tundu mpaka mgongoni mwa gitaa, na huko springi tatu, nne au tano hukivuta. Nyuzi zavuta upande mmoja na springi zavuta upande wa pili, na daraja husimama katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na ndugu wawili wasiopatana. Mpigaji akiubonyeza mkono mdogo wa chuma uliochomekwa katika bamba, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Akiuachilia, springi hulirudisha daraja mahali pake. Sauti hulia, huyumba, huzama na kuibuka kama ngalawa mawimbini. Fender alikiita chombo hicho tremolo. Wajuzi wa muziki husema kwamba alikosea jina, kwa sababu tremolo ni sauti kupungua na kuongezeka nguvu, na kinachobadilika hapa ni kimo cha sauti, jambo ambalo huitwa vibrato. Lakini kosa limekwisha kuwa desturi, na desturi haiulizwi cheti.

Sasa utazame msiba uliofichwa katika uzuri huo. Uzi mwembamba wa gitaa la umeme huvuta kwa uzito wa kilo 6 au 7 hivi, na nyuzi zote sita pamoja huvuta kilo 40 au zaidi. Springi nazo zimekazwa kwa kiasi kile kile, si zaidi wala si pungufu. Ukikaza uzi mmoja ili uupatanishe, daraja huinuka kidogo na zile tano nyingine hushuka. Ukizipandisha hizo, ule wa kwanza nao hupotea. Ukiuvuta uzi mmoja kwa kidole ili ulie juu zaidi, wenziwe hulegea. Ukilaza kiganja juu ya daraja kwa kuchoka tu, gitaa zima hubadili sauti. Lakini balaa kubwa ni uzi kukatika. Juu ya daraja lililokazwa, uzi ukikatika umepoteza uzi mmoja, na mpigaji hodari ataumaliza wimbo kwa tano zilizobaki. Juu ya daraja lielealo, uzi ukikatika springi hushinda, daraja huvutwa nyuma, na nyuzi tano zilizokuwa nzima huwa mbovu zote kwa dakika moja. Hazikufanya kosa lolote. Zimekosa kwa sababu ya mwenzao.

Mwenye gitaa ninalolisema ni kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Alilinunua kuukuu, kwa fedha alizoziweka akiba mwaka mzima, na wakati ule alikuwa akipiga katika arusi. Katika arusi moja, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, bibi wa bwana arusi alisimama kumwimbia mjukuu wake. Mama huyo alikuwa mzee sana, na wimbo ule alikuwa ameutunza kwa ajili ya siku hiyo. Kijana alimfuata kwa gitaa, polepole, akimshika sauti kama mtu amshikaye mzee mkono katika ngazi. Katika ubeti wa pili uzi mwembamba ukakatika. Nyuzi tano zilizobaki zikaruka juu, kila moja kwa kiasi chake, na katika mlio ule uliopotoka bibi naye akaipoteza sauti yake. Alijaribu kuanza upya, asiweze. Vijana wa meza ya nyuma wakacheka. Bibi akaketi, na wimbo haukumalizika.

Kijana alinieleza habari hizo mwenyewe, na alipokuwa akinieleza hakunitazama usoni. Jumatatu yake alilipeleka gitaa kwa fundi, mzee mmoja mwenye kibanda Nairobi, nami nilifuatana naye kwa sababu nilikuwa na redio ya kutengenezwa. Alisema, “Mzee, nakuomba uling'oe daraja hili. Ulijaze tundu lote kwa mti na gundi, uniwekee daraja la kukazwa, nisilione tena tundu hili maisha yangu.”

Fundi akalipindua gitaa, akafungua mgongo wake, akalitazama kitambo. Kisha akasema, “Mwanangu, hasira ni yako leo. Kesho gitaa litakuwa la nani?”

Naomba msomaji usimame hapo kidogo, kwa maana mzee yule aliyatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Ziko njia za kulituliza daraja kama hilo. Ya kwanza ni kuzikaza springi kwa nguvu mpaka bamba lilale juu ya mwili wa gitaa, lisiweze kurudi nyuma. Nyuzi zikivutwa kwa nguvu, bado laweza kuinuka. Ya pili ni kuongeza juu ya hayo kipande cha mti kilichokatwa sawasawa na nafasi iliyo kati ya kile chuma kizito na ukuta wa tundu, ili daraja likose pa kwendea mbele na nyuma. Ya tatu ni hiyo aliyoitaka kijana: kung'oa, kujaza, kugandisha, na kutoboa upya. Ukiisikiliza sauti, njia ya pili na ya tatu hukaribiana sana. Tofauti yao ni kwamba moja huweza kufunguliwa kwa bisibisi katika robo saa, na nyingine haifunguliwi ila kwa kuuharibu ubao. Moja ni mlango uliofungwa kwa komeo, nyingine ni mlango uliojengewa ukuta. Mtu huyo huyo, kwa haja hiyo hiyo, akichagua komeo amefanya jambo moja, na akichagua ukuta amefanya jambo jingine. Na ajabu ni kwamba wakati wa uchungu ukuta ndio uonekanao kuwa ushujaa.

Gitaa huishi miaka mingi kuliko hasira. Magitaa yaliyoundwa katika miaka ya 1950 yangali yakipigwa leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Aliye na chombo cha namna hiyo ni mmoja katika mlolongo wa wenye chombo, na haki yake ya kukibadilisha ni kubwa, lakini si haki isiyo na mpaka. Nadhani ndivyo ilivyo kwa shamba, kwa nyumba ya urithi, na hata kwa lugha tunayoizungumza.

Turudi sasa kwa swali letu. Yuko atakayesema kwamba hata kipande cha mti ni dhambi dhidi ya chombo. Fender aliliunda daraja liende. Kulizuia ni sawa na kumfunga ndege mabawa. Tena atatoa mashahidi. Atakuambia habari za Jimi Hendrix, ambaye asubuhi ya tarehe 18 Agosti mwaka 1969, katika tamasha la Woodstock, jimbo la New York, alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa Stratocaster nyeupe, akaubonyeza mkono ule wa chuma mpaka nyuzi zikalia kama mabomu yanayoanguka, wakati nchi yake ilikuwa vitani Vietnam. Kwa daraja lililokazwa asingaliweza kusema aliyoyasema. Atakutajia pia Jeff Beck, Mwingereza aliyefariki mwaka 2023, ambaye daraja la gitaa lake liliweza kwenda juu na chini, naye akaliimbisha kwa mguso mwepesi kama sauti ya mtu. Hao ni mashahidi wakubwa, nami siwezi kuwakana.

Lakini wako mashahidi wa upande wa pili. Eric Clapton, mpigaji ambaye angeweza kununua gitaa lolote duniani, aliyachukua magitaa kadhaa ya Stratocaster yaliyotumika, akatoa sehemu nzuri za kila moja, akaunda gitaa moja jeusi aliloliita Blackie. Gitaa hilo liliuzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Mtu huyo hulizuia daraja la Stratocaster kwa kipande cha mti, na Stratocaster zenye jina lake, zilizoanza kutolewa mwaka 1988, hutoka kiwandani zikiwa na kipande hicho. Utauliza kwa nini asinunue tu gitaa la daraja la kukazwa, nayo kampuni iliyatoa hayo tangu miaka ile ya mwanzo. Wapigaji wengi husema kwamba chuma kile kizito na springi zile, hata zikikaa kimya, huipa sauti ladha yake. Mimi sina sikio la kuamua jambo hilo.

Basi mashahidi wamelingana, na hatuwezi kuliamua shauri kwa kuhesabu majina makubwa. Yatupasa kulitazama neno lenyewe ambalo watetezi wa daraja lielealo hulitumia, nalo ni uhuru. Wanasema daraja lile ni huru, na kipande cha mti kimeliondolea uhuru wake. Nauliza: lilipokuwa likisogea, lilisogea kwa amri ya nani? Kijana alipoubonyeza mkono wa chuma, lilimtii. Lakini lilikitii pia kiganja chake kilipoliegemea pasipo kukusudia. Liliutii uzi mmoja ulipovutwa, likazitupa nyuzi nyingine. Liliutii hata uzi uliokatika, usio na nguvu tena. Kitu kinachomtii kila akivutaye, na hata aachaye kukivuta, naona vigumu kukiita huru, ingawa mmoja katika hao wavutao ni mwenyewe.

Jiangalie wewe mwenyewe kwa haki. Yuko mwanafunzi ambaye juma la mtihani humpa dada yake simu yake, akamwambia, “Usinipe mpaka Ijumaa, hata nikikusihi.” Wenziwe humcheka kwamba amejifanya mtoto. Lakini ni nani kati yao aliyeamua jinsi jioni yake itakavyopita? Mmoja aliamua Jumatatu asubuhi, akiwa na akili yake timamu. Wengine huamuliwa mara sitini kila usiku na mlio mdogo wa chombo kilicho mfukoni. Tena angalia kwamba yule hakuivunja simu yake wala hakuitupa mtoni. Ametia kipande cha mti tu.

Usikimbilie kuniunga mkono, hata hivyo, kwa maana hapa ndipo shauri linapokuwa gumu kwangu. Hendrix na Beck walilijua daraja lile. Walijua ni nguvu gani italipeleka wapi. Walikuwa wamejifunza kukiinua kiganja, kurudisha uzi uliopotea katikati ya wimbo, na kuifanya hata kasoro kuwa usemi. Kwao uwezo ule ulikuwa uwezo kweli. Kijana wetu je? Nilimwuliza palepale kibandani, “Mkono huu wa chuma umewahi kuutumia?” Akasema, “Mara chache, Mwalimu. Nilikuwa nikiuogopa.” Mkono wenyewe ulikuwa ndani ya mfuko wa gitaa, umezungushiwa karatasi, mpya kama ulivyotoka dukani.

Jibu hilo lilinisumbua. Kuacha jambo ulilolijua na kulipima ni uamuzi; kuacha jambo uliloliogopa kabla ya kulijaribu huenda kukawa ni woga uliovaa kanzu ya busara. Clapton alilizuia daraja lake baada ya kujua analolizuia. Kijana alitaka kulizuia kabla ya kulijua. Watu wangapi hujisifu kwamba wamejinyima raha ambazo hawakupata kuzionja, na safari ambazo hawakuthubutu kuzianza? Nilimwambia fundi, kwa ukali kidogo, nakiri, kwamba asiikubali kazi hiyo. Ampe kijana mwezi mmoja ajifunze kwanza. Akishindwa, au akishinda na bado akataka, ndipo amkatie mti.

Fundi hakunijibu. Alikuwa amekwisha kuchukua kibanzi cha mvule katika pipa la mabaki, akawa anakipiga randa kidogo, anakijaribu katika tundu, anakitoa, anakipiga randa tena. Mti wa namna hiyo hautaki haraka. Ukiwa mnene kwa upana wa ukucha, hulisukuma bamba likaachana na mwili wa gitaa; ukiwa mwembamba kwa kiasi hicho, hauna kazi. Alizikaza skrubu mbili za springi mpaka bamba likalala. Alikiingiza kipande kwa kidole gumba, kikaingia kwa shida kidogo, kikatulia. Kwa kuwa bamba sasa lilikuwa chini kuliko zamani, nyuzi nazo zilikuwa zimeshuka na zikaanza kukwaruza shingo, kwa hiyo alivipandisha vile vidaraja vidogo sita kimoja kimoja, kwa ufunguo mdogo mwembamba kama sindano. Kisha akaupatanisha uzi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Alipofika wa sita akaurudia wa kwanza. Ulikuwa pale pale alipouacha.

Alimpa kijana gitaa. Kijana alivuta uzi mmoja kwa kidole mpaka ukapanda sauti nzima, huku uzi wa jirani ukilia kando yake. Wa jirani haukutikisika. Alifanya hivyo mara tatu. Uso wake ulilegea, nami nikaona kwamba tangu siku ile ya arusi ulikuwa umekazwa kama uzi.

Fundi aliuzungushia mkono wa chuma karatasi yake, akaurudisha katika mfuko wa gitaa, akamwambia kijana, “Mti huu hauna gundi. Siku utakayotaka, njoo na bisibisi yako, nitakuonyesha jinsi ya kuutoa.” Kijana akashukuru, akalipa, akaondoka, kwa sababu Jumamosi ile alikuwa na arusi nyingine.

Nilibaki nikiingoja redio yangu, nami nikaona ni vema nimalize maneno yangu. Nikasema kwamba kazi ilikuwa safi, lakini bado nadhani amemsaidia kijana kukimbia. Laiti angalimlazimisha kujifunza, angalikuwa mpigaji mkubwa zaidi.

Mzee alikuwa akizifagia nyuzinyuzi za mti kwa upande wa mkono wake, akazikusanya mezani. “Huenda ikawa hivyo, Mwalimu,” akasema. “Lakini siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikitunza vipaza sauti. Nilimwona yule mama akirudi kitini.”